Mpaka Mvua Zitakaposhika

Mkataba ulikuwa karatasi moja,
muhuri umekaa upande:
siku tisini, kumwagilia miti,
barabara ya Mtumba, kilomita sita,
mpaka mvua zitakaposhika.
Hapo kwenye "zitakaposhika" sikutua.
Macho yalikuwa kwenye elfu nane kwa siku.

Nilitoka Chali na begi la kaka,
zipu imekufa, nimelifunga kwa kamba ya katani.
Mama alitia unga wa uwele kilo nne
na mlenda mkavu ndani ya kopo la maziwa.
"Mjini," alisema, "hata mlenda unauzwa."
Nilicheka.
Wiki ya pili nikaukuta sokoni Majengo,
fungu mia tano, dogo.

Chumba Ihumwa, kwa Mama Sechelela:
dirisha moja, linatazama tangi la jirani.
Taa ya uani haikuzimwa kamwe, maana
mpangaji mmoja ni mlinzi, hurudi alfajiri,
mwingine huuza uji, hutoka alfajiri.
Walikutana mlangoni kila siku,
huyu akisema, "Nakwenda kulala,"
yule akijibu, "Na mimi ndiyo nimeamka,"
na urafiki wao wote ulikuwa huo.

Boza lilinipitia saa kumi na moja na nusu.
Ndahani, dereva, hakuzima injini;
aliamini likizimika limezimika.
Mimi nyuma na mpira, kizibao kinang'aa
kama mtu mwenye cheo.
Kila mche, hesabu mpaka ishirini.
Nilihesabu kwa Kigogo, namba zake ndefu kidogo,
mti ukapata funda la ziada
na msimamizi hakujua.

Miche mia nne na kumi na miwili.
Wa sabini na tatu uligongwa na bodaboda,
nikaufunga gango kwa kipande cha fulana yangu.
Wa mia mbili na nne mbuzi waliula mara tatu,
mara tatu ukachipua, kwa kiburi.
Wa mwisho uko mbele ya lango la wizara.
Siku moja gari lilisimama pale, kioo kikashuka,
baridi ya ndani ikanigusa shavu.
"Kijana, hii miti itatoa kivuli lini?"
"Mzee, mkataba wangu ni siku tisini."
Kioo kikapanda.

Jioni, miguu ndani ya beseni, simu sikioni.
"Huko mawingu yapo?" mama aliuliza.
"Yapo kidogo, upande wa Kikombo."
"Omba, mwanangu. Shamba limepasuka."
"Naomba."
Sikumwambia naomba nini.

Usiku wa themanini na moja
bati lilipigwa kokoto moja,
kisha mbili,
kisha gunia zima likamwagwa.
Tulitoka wote na ndoo, masufuria, beseni la kufulia,
Mama Sechelela akiwa na kanga moja na kigelegele,
muuza uji akicheza bila viatu.
Nami niliitoa ndoo yangu.
Mdomo ulikuwa unacheka,
kichwa kinapiga hesabu:
siku tisa, mara elfu nane.

Saa kumi na moja Ndahani alituma ujumbe.
Neno moja: Usije.

Nilikwenda. Kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo.
Miche yote mia nne na kumi na miwili
inachuruzika, haina haja na mtu.
Wa sabini na tatu umetoa jani,
dogo, jekundu bado.
Nikalegeza kile kitambaa,
kisije kikaukaba ukinenepa.

Nikapiga Chali.
"Na huko imenyesha?"
"Imenyesha!" Nyuma yake nilisikia watu na chepe.
"Tumeanza kupanda tangu kunapambazuka.
Jembe lako nimelitia mpini mpya."