Swali la Kumi na Nne

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, Mbale.
Mlima umejifunika ukungu hadi kiunoni.
Wanafunzi kumi na mmoja wametoka Uchina kusomea mpunga,
na kabla hawajashuka kwenye majaruba ya Butaleja
lazima wapimwe Kiingereza.
Ndivyo inavyosema barua ya mkuu wa idara:
wapimwe.
Kama gunia. Kama damu.

Tunaanza na msamiati, maneno arobaini.
La tisa ni theluji.
Neno hili nililijua nikiwa darasa la tano,
nikaliandika ubaoni bila kosa, nikapigiwa makofi,
na sijaligusa mpaka leo.
Duan, kijana mrefu wa Harbin,
ameipiga koleo theluji tangu utotoni,
mlango wa bibi yake ulipozikwa hadi kwenye kitasa.
Juzi alinieleza kwa mikono mitupu:
aliinama, akachota hewa, akaitupa nyuma ya bega,
akapuliza vidole.
Leo, mbele ya namba tisa, ameacha nafasi.
Mimi nina neno, yeye ana kitu,
na kalamu nyekundu ninayo mimi.

Kisha kusikiliza. Nabonyeza kitufe.
Bwana wa Kizungu, pua imemziba kidogo,
anamwuliza bibi wa dirishani treni inaondoka saa ngapi,
jukwaa la ngapi,
tiketi ya kwenda na kurudi ni bei gani.
Reli ninayoijua mimi iko nyuma ya soko,
majani yameota katikati na mbuzi wanacheulia juu yake.
Lakini nimesimama na saa mkononi
kama mtu aliyewahi kuachwa na treni hiyo.

Peiwen amefumba macho.
Duan anatafuna kifuniko cha kalamu,
midomo yake inamfuata yule bwana neno kwa neno,
mbio, mbio,
kama anayefukuza kuku asiye wake.

Mvua ya huku haipigi hodi.
Ilishuka juu ya mabati kama maharage yanayomwagwa,
na kwenye swali la kumi na nne umeme ukakatika,
bwana akabaki mdomo wazi, nusu ya neno ndani, nusu nje.

Nikaichukua karatasi nikasoma mwenyewe,
kwa kupaza sauti, karibu kwa kupiga kelele,
kwa Kiingereza changu chenye tope la Lumasaba magotini.
Peiwen akafumbua macho.
Kalamu zikaanza kutembea.
Sauti hii wameizoea: ndiyo ya kantini, ya zahanati,
ya mwenye nyumba anayedai kodi.
Mkuu wa idara akisikia atasema mtihani umechafuka.

Saa saba wakatoka.
Nikamwona Duan getini, kwa Nambozo wa mihogo,
akisema, “Mama, ongeza kidogo, hicho kimeungua,”
na Nambozo akacheka, akaongeza viwili.
Hapo hapakuwa na saa wala msimamizi.

Sasa ni usiku, nasahihisha kwa taa ya sola.
Swali la kumi na nne: Msemaji anakwenda wapi?
Mwongozo unasema, stesheni.
Tisa wameandika stesheni, mmoja ameandika sokoni.
Duan ameandika, nyumbani.

Nimeitazama sana hiyo nyumbani.
Herufi zake zimeinama, moja imefutwa ikarudiwa.
Mtu aliyekata tiketi ya kurudi,
mwisho wa yote, anarudi wapi?

Nusu alama haimo kwenye mwongozo.
Nimeiandika hata hivyo, ndogo, kwa penseli,
kwenye kona ambako mkuu wa idara,
bila miwani, hafiki.