Filamu ya Vidole

Mimi nilikuwa mtu wa jenereta tu,
usiniulize mambo ya sanaa.
Somoe Nandonde aliuza mikorosho mitatu ya urithi
akanunua kamera iliyokwishatumika;
mjomba wake akasusa kula naye mpaka Idi Kubwa.

Ya kwanza ilihusu kisima cha Kitangari:
dakika kumi na moja, sauti yote upepo.
Ya pili, wasichana waliotoka unyagoni
wakakuta dawati limepewa mtu.
Hiyo ilimletea cheti kutoka nchi ya baridi
na barua kali ya ofisi ya kata,
siku moja, basi moja.
Aliviweka pamoja kwenye boksi la biskuti.
Mshahara? Alirekodi harusi Masasi:
bibi harusi analia, Somoe anahesabu betri.

Hii ya tatu tuliionyesha Tandahimba,
ndani ya ghala la chama, mnada ukiwa umepita,
shuka la mama yake limebanwa kwa vibanio vya nguo,
magunia ndiyo viti.
Kiingilio: nusu lita ya petroli kwa kaya.
Asiye nayo aliingia vilevile.

Wabanguaji walikuja na khanga za sikukuu.
Wakajiona: mikono mikubwa kama milango,
mafuta ya ganda yamekula ncha za vidole,
na karani wa vitambulisho akisema,
"Futa, weka tena. Futa, weka tena,"
mashine inawakana watu walio hai mbele yake.
Hakuna aliyelia. Bi Fadina alifoka,
"We Somoe, umenitoa na kilemba cha jikoni!"
Ghala zima likacheka, hata katibu
aliyekuja kutuzima.

Kisha petroli ikaisha. Aibu hiyo ni yangu.
Shuka likawa shuka.
Natafuta tochi, natafuta na maneno,
mara gizani namsikia Bi Fadina anaendelea:
"Hapo sasa karani ananiambia nirudi Jumatatu..."
Mwenzake akamsahihisha, ilikuwa Jumanne.
Wakaimaliza filamu kwa midomo,
wakavuka pale Somoe alipoikata,
mpaka kwenye bei, mpaka kwenye mizani,
mpaka kwenye majina.

Nilimgusa bega nimwombe radhi.
Akaniziba mdomo kwa kiganja.
Mapajani pake kitaa chekundu,
kidogo kama punje ya mtama,
kilikuwa kinawaka.