Nusu Kidole

Lilivunjika saa tisa usiku, katika mvua ya Aprili
iliyokuwa ikigonga bati kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Si radi niliyoisikia. Ulikuwa mlio mrefu, wa kitambaa,
kisha kishindo, kisha kimya cha kuku.

Alfajiri nikatoka na tochi.
Tawi limelalia ukuta wa Baba Chausiku,
mafenesi saba bado yameling'ang'ania
kama watoto ambao hawajaambiwa msiba.
La nane limepasukia kwenye karo la kufulia,
na uchochoro mzima wa Kimanga unanukia utamu.

Upepo sikuulaumu.
Tawi lilikuwa likizaa kuliko lilivyoweza kubeba,
nami kila msimu nikilisifu.

Miaka thelathini na moja nilikuwa dresa.
Vidonda navijua kwa harufu.
Basi niliposimama pale, gome limechanika
kutoka begani hadi karibu na kiuno,
ulimbo mweupe ukitona taratibu,
mkono wangu wenyewe ulitafuta bandeji mfukoni.

Washauri hawakukawia.
"Paka oili chafu," Baba Chausiku, fundi pikipiki.
"Ziba kwa saruji," mwenye duka.
Deusi, mpangaji wangu, alipima kivuli kwa hatua:
"Ukiung'oa wote, hapa zinakaa fremu mbili."
Nikamwambia hata kodi ya mwezi wa tatu
ingekaa vizuri mfukoni mwangu.

Atupele, auzaye miche kando ya barabara Bamaga,
alikuja saa nne, msumeno kaufunga kwenye khanga.
Hakuupa mti pole. Aliulizia ngazi.

Mkato wa kwanza aliutia chini ya tawi,
mfupi, mbali na shina,
ili uzito ukianguka usiondoke na ngozi.
Wa pili juu. Tawi likashuka lenyewe.
Wa tatu ulimchukua muda.
Alipapasa kwanza pale tawi linapotokea, penye mikunjo:
"Hii ni kola ya shati lake. Ukiikata, umekata shingo.
Ukiacha kisiki kirefu, umeuachia mfupa nje."

Gome lililolegea alilinyoa kwa kisu hadi palipo hai,
kama nilivyokuwa nikifanya mimi,
mgonjwa akihesabu mbao za dari.
Nikamletea chupa yangu ya dawa ya zambarau.
Akaitazama, akacheka kidogo.
"Usiupake kitu, babu. Mti hauponi.
Mti hufunika.
Palipooza hupajengea ukuta humo humo ndani,
ukaendelea kuishi kwa nje."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Kokwa ya mfenesi huu Mwatumu aliipanda kwenye kopo la maziwa
mwaka ule ambao sisi wawili hatukuutaja tena.
Watu wangapi niliwaambia "itapona",
nikifunga fundo la mwisho bila kuwatazama?

Mafenesi tuliyagawa. Visu tulivipaka mafuta ya kula,
lakini ulimbo ni ulimbo:
hadi leo kitasa changu kina vidole vya Atupele.

Aliniachia masharti.
Majani makavu kuuzunguka, yasiguse shina.
Kiangazi, ndoo mbili jioni, polepole.
Mbolea hapana; mgonjwa haanzi na pilau.
Na matunda machanga niyapunguze, nusu,
matawi mengine yasije yakafuata.
Hilo lilinishinda siku tatu.
Siku ya nne nilipanda ngazi, nikakata, sikuhesabu.

Sasa ni Januari. Deusi analalamika:
jua limepata njia ya dirishani kwake,
anataka nimnunulie pazia.

Kila Jumapili napima jeraha.
Aprili lilikuwa vidole vinane.
Pembeni gome limeanza kujiviringa, nene,
kama mdomo wa mtoto anayekataa uji.
Leo ni saba na nusu.

"Subiri," namwambia Deusi.
"Nusu ishapatikana."