Changarawe ya Sehemu ya Tisa

Mimi ndiye niliyekuwa mvua:
punje za mchele juu ya karatasi ya bati, taratibu,
na Montevideo nzima ikafunga madirisha.
Nilikuwa farasi, nilikuwa moto,
nilikuwa mlango wa kila nyumba aliyoiandika Ulises Bentancor
usiku, kwa penseli, akifyonza kwa mrija
ile chai yake chungu iliyokwisha kupoa.

Mashine ya wakati, hiyo pia ilikuwa mimi.
Cherehani ya marehemu mama, haina uzi,
na gurudumu la baiskeli lenye karata kwenye spoki.
Nikikanyaga pedali, Nahodha Ordóñez
anarudi nyuma miaka arobaini,
na wachinjaji wa Cerro, kando ya redio zao,
wanashika kingo za meza wasianguke.

Kisa chenyewe chepesi kukisimulia:
mtu amesalitiwa, hajui na nani.
Kila Alhamisi anarudi kumsaka.
Kila Alhamisi anafika amechelewa dakika moja.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne.
Bwana wa koti la kijivu alinijia nyumbani.
Hakufoka. Alivua kofia, akamsifu paka.
Aliuliza tu Ulises hula kwa nani Jumapili,
na nani humpatia karatasi.
Mwanangu Wilmar alikuwa kambini, siku ya kumi na moja.
Nikaandika majina matatu.
Mwandiko wangu mzuri, hata shuleni walinisifia.
Wilmar akarudi alfajiri, kucha mbili hana.
Sikwambii ili unionee huruma.
Nakwambia kwa kuwa daftari la deni lina kurasa mbili.

Sehemu ya tisa ililetwa Jumatano,
karatasi bado zinanuka wino wa stensili.
*Msaliti anaingia.* Hana jina, hana sauti.
Waigizaji wakacheka: bubu naye atalipwa?
Mimi nikasoma pembezoni, kwa penseli:

*Nyayo kwenye changarawe. Hatua kumi na saba.
Nélida avae viatu vyake mwenyewe.
Mwisho wa hatua, asimame.
Akitaka, ageuke.*

Kumi na saba.
Ndizo hatua kutoka kizingiti changu hadi barabarani;
nilizihesabu baadaye, sikuwa na haja.

Kesho yake nilimtazama ng'ambo ya kioo.
Alikuwa anamenya chungwa, ganda refu lisilokatika.
Akainua mkono kama anavyouinua kila siku,
akaushusha. Taa nyekundu ikawaka.

Nikatembea.

Husemwa majuto ni mjukuu.
Kwenye mashine yangu mimi, mjukuu alitangulia,
akakaa kwenye trei ya kokoto kumngoja babu.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Kugeuka kuna sauti yake: kisigino kinasaga,
kokoto mbili tatu zinaruka.
Naweza kuifanya hata usingizini.

Walimchukua Jumamosi.
Alhamisi iliyofuata, saa yetu ile ile,
redio ilipiga bendi ya jeshi.

Leo binti wa Wilmar ameleta kanda,
imepatikana kwenye ghala, chini ya mafaili yaliyoloa.
Namwomba airudishe nyuma, kwa sauti.
Nyayo zinakwenda kinyumenyume,
zinatoka barabarani, zinapanda kizingiti changu,
karibu kalamu imeze majina yote matatu.
Karibu. Kisha kidole chake kinabonyeza,
na mimi naanza tena: moja, mbili.

Baada ya ya kumi na saba, kimya.
Sekunde nne. Nazijua.
Anakunja uso, anagonga kisanduku kwa ukucha.
"Bibi, hapa kanda imekatika?"

Haijakatika, mwanangu.
Sikiliza vizuri.
Hapo nimesimama.