Upana wa Boriti

Fundi Semdoe ananipa ncha ya futikamba.
"Shika hapo, mwalimu, isilegee,"
naye anarudi kinyumenyume, akiruka kinyesi cha mbuzi,
hadi ukuta wa pili.
Mita mbili na nusu.
"Dhiraa sita kasoro shubiri," anatafsiri,
maana waliojenga hawakuijua mita.

Tunapima chumba cha bibi harusi. Dhiraa sita kasoro shubiri.
Ghala la baruti. Ukumbi wa wageni. Vilevile.
Mkoko hukua mpaka unapochoka.
Sultani alikuwa na forodha, mizinga, na saa inayoimba,
lakini dari yake ilisubiri mti wa matopeni,
na mti haukumwongezea hata kidole.

Nyumba ya mawindo, mwendo wa siku nzima kutoka Mkwaja.
Matumbawe yalipanda huku vichwani mwa watu.
Nyuma ya lipu iliyobanduka tumekuta vistari vya mkaa:
vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao,
tena vinne, tena kimoja,
mpaka vinapotelea kwenye pembe.
Makapu? Siku? Watu?
Semdoe hakuuliza. Alizungushia mwiko,
akaacha mraba mdogo bila chokaa.

Na mwenyewe alikuja mara moja tu.
Bibi mzaa bibi yangu alikuwa jikoni, akitwanga,
ndiye aliyetuachia habari:
mvua siku tisa,
simba wamekaa kwao,
bwana mkubwa akacheza bao na mnyapara,
akafungwa,
akapiga kanga wawili, akarudi Unguja.
Zile pembe za nyati zilizotisha wageni
zilinunuliwa mnadani Pangani.

Mjerumani akatoboa mlango wa pili
ili wanaolipa kodi wasipishane na waliokwisha kulipa.
Kampuni ya mkonge ikajaza marobota hadi juu;
kuta zikajifunza kunuka kamba,
na siku za joto bado hazijasahau.

Halafu, mwaka sabini na nne, ubao.
Vidaka vilivyochongwa kwa ajili ya marashi
vikawekwa chaki, kengele, na fimbo ya mwalimu Kihiyo.
Msumari wa pembe ukabeba ramani ya Afrika.
Nilikaa safu ya tatu, miguu haifiki sakafuni,
nikaandika *nyumba*
kwa mara ya kwanza, nikiwa ndani ya hii,
nikaikosea: nilisahau *m*.

Sasa paa hakuna.
Kibali cha kukata boriti kiko Tanga, mezani kwa mtu.
"Mwezi wa nne huu," nasema.
"Mkoko ndio kwanza unaalika maua," anajibu, bila kucheka,
akakoroga chokaa pipani, inachemka yenyewe.
Juu yetu wingu linapita,
pana kuliko chumba chochote cha nyumba hii.

"Mwalimu," anasema,
"umeiachia futi."