Mkono wa Ubani

Ijumaa, zamu yangu imekwisha saa moja asubuhi,
Dilmuradi akanipandisha Landirova
yenye mifuko ya mchanga sakafuni.
"Mfuko ukiwepo, bibi, bomu la ardhini
huchukua mguu mmoja tu."
Alisema kama mtu anayenipunguzia bei.

Kutoka Salala hadi Taqa, mkono wa kulia bahari,
mkono wa kushoto mlima, kijani,
umetoka kunywa ukungu miezi mitatu,
mzuri hata ukasahau kwamba humo ndimo wanamotoka
wale ninaowashona usiku.
Askari wanawaita adu.
Neno hilo halikuhitaji mkalimani.
Tufuli wa kitanda cha tisa anawaita wanangu:
mmoja yuko juu huko, mmoja kavaa sare huku chini,
na yeye yuko katikati, na goti moja.

Sumhuramu. Nilitarajia nini? Nguzo, labda. Sanamu.
Ni kuta za kimo cha kiuno,
mawe yaliyochongwa na mtu asiye na haraka,
lango jembamba la kupita ngamia mmoja mmoja,
na ubavuni mwake maandishi:
vijiti, milango midogo, duara lenye mkia.
"Soma," akasema Dilmuradi. "Si wewe Mwarabu?"
Mimi Mwarabu wa Chake Chake, nikamjibu.
Kule niliitwa mgeni kwa jina la huku,
huku naitwa mgeni kwa jina la kule,
na Kiarabu hiki changu
wagonjwa hunisahihisha huku wakivuja damu.
Akacheka. Yeye ni wa Makrani,
hajaombwa asome kitu tangu aandikwe jeshini.

Tukaingia ghalani.
Hapa, alieleza mlinzi, kijana Bakhiti,
bunduki yake inamzidi kimo,
hapa ubani ulirundikwa hadi darini
ukingoja merikebu za wafalme wa mbali.

Ubani!
Kwetu neno hilo lina mlango wa uani.
Mtu akifa, majirani huja na ubani:
noti iliyokunjwa mara nne,
kibaba cha mchele, sukari ndani ya gazeti,
hupokewa, haitazamwi.
Mji uliopeleka ubani dunia nzima,
siku ulipokufa wenyewe,
nani alibisha hodi na mkono wa ubani?
Nani alishika daftari la majina?
Na nyumba yetu ya Chake,
mlango uking'olewa bawabani usiku ule,
nani?

Nikainama, nikakwangua sakafu kwa ukucha, nikanusa.
Vumbi. Miaka elfu mbili, vumbi,
na mkojo wa mbuzi kidogo.

Halafu mlima ukakohoa.
Mara moja. Kisha tena.
Kwenye hori chini yetu heroe wote waliruka,
shuka la waridi likakung'utwa,
likatandikwa palepale.
Ngamia aliyekuwa akinywa hakuinua kichwa.
Dilmuradi alisikiliza, akasema, "Ya kwetu hiyo."
Bakhiti alitazama viatu vyake.

Nilirudi na vitu viwili mfukoni:
kigae chenye alama ya kidole cha mfinyanzi,
na ganda la risasi, shaba, bado linang'aa.
Nilivikuta katika shimo moja, vimegusana,
kama watoto waliopitiwa na usingizi.
Jioni nikavipanga juu ya mto wa Tufuli,
nikaanza kumsimulia habari za wafalme.
"Yale mawe?" akanikatiza.
"Baba alikuwa akifungia mbuzi pale."
Kigae akanirudishia.
Ganda akaligeuza,
akalisogeza karibu na taa,
akapitisha kidole juu ya nambari za kitakoni,
polepole, yeye asiyejua kusoma,
apate kujua
limetoka kwa mtoto yupi.