Mlinda Lango

Naulizwa hapa geti,
wakinipa vyao vyeti:
"Ulidaka ligi, eti,
ile kuu? Mwaka gani?"

Nawajibu bila hoja:
dakika kumi na moja.
Nyuma malori yangoja,
safu hadi Miritini.

Bomu ndiko nilidaka
tisa mizima miaka;
magoti yalichunika,
kokoto zimo ngozini.

Glavu za kuchomelea
Tsuma alinitolea;
mpira nikipokea,
hunuka moshi puani.

Siku moja kaja simu:
"Njoo, jiunge na timu;
kipa wa tatu muhimu,
ukae pale benchini."

Mama, kwa wake mkono,
kashona uzi wa njano,
herufi nono kwa nono:
NYALE, pale mgongoni.

Miezi sita nakaa,
chupa za maji natwaa
kwa wengine wanong'aa;
jina likawa kotini.

Jumamosi ya Mbaraki,
vyuma havikamatiki,
nao wetu mashabiki
na magazeti kichwani.

Kipa wa kwanza ni homa;
wa pili kamsukuma
mtu wa mbele kwa nyuma:
kadi nyekundu hewani.

Kocha kaniangalia
kama mtu anolia.
"Nenda," akaniambia;
nikavua koti chini.

Mkwaju akaupiga;
kulia nikajibwaga,
kushoto ukanizuga,
wavuni mle, pembeni.

Mara ya kwanza kugusa
mpira, ikawa hasa
(wenzangu wakinisusa)
kuuokota wavuni.

Ya themanini na nane
wakaja watu wanne;
shuti hata nisione,
likanigonga gotini.

Goti lile la kokoto
lilichoma kama moto;
mpira kwenda kushoto,
mwamba, kisha jukwaani.

Redio ikanitaja,
jina langu wakafuja;
Mama kwa mbio akaja,
mwiko wake mkononi.

Kipenga. Wiki ya pili,
kipa mzima wa hali;
nikashika chupa mbili.
Juni, barua mezani.

Barua fupi: "Asante.
Jezi urudishe zote."
Nilipeleka, si zote:
ya Mama i sandukuni.

Sasa nalinda makasha,
usiku kucha nakesha,
nashusha na kupandisha,
nami ningali langoni.

Kitambulisho chasema
"Mlinda lango." Nasoma
neno lilelile jema,
nacheka mwangu bandani.

Juzi dereva wa Voi
kanambia, "Sikosei,
ulinimwagia chai
siku ile, jukwaani."

Nikamtazama sana,
shahidi wangu bayana.
"Ilichoma?" nikanena,
nyuma wanapiga honi.

"Ilichoma," akajibu,
"tazama hapa, karibu."
Kovu dogo, la ajabu,
kama senti, kiganjani.

Geti nikalifungua,
mkono akainua.
Usiku huo wa mvua
kokoto zawasha ndani.